Kumwagilia Mahali pa Moto

Dekameta, ule utepe mrefu wa kupimia ardhi, ni chombo cha watu wawili. Mmoja anashika mwanzo wa utepe, mwingine anatembea nao na kusoma namba. Nilikuwa mpima viwanja maisha yangu yote ya kazi, hapa Bukavu na kwenye barabara mbaya za kwenda Kamituga, na katika miaka yote hiyo sikumbuki kupima ardhi peke yangu. Kazini nilikuwa na wasaidizi. Nyumbani nilikuwa na mke wangu, ambaye alishika utepe kwa mkono mmoja na kikombe cha chai kwa mkono mwingine, na alipochoka kusimama alikuwa akisema, “Andika tu, Papa. Hii udongo haitakimbia.”

Kwa hiyo asubuhi nilipotoka barzani na dekameta yangu, nia yangu ikiwa kuchora plani ya mabomba ya kumwagilia majani, nilivuta utepe kidogo, kisha nikasimama. Nilikuwa nimenyoosha mkono kumpa mtu mwanzo wake. Hapakuwa na mtu. Nilikuwa mjane tangu mvua za mwanzo wa mwaka, nikalala kwenye nyumba ile na kula peke yangu wiki nyingi, lakini ule mkono mtupu ndio ulionionyesha vizuri hali yangu. Niliufunga utepe kwenye mguu wa kiti cha plastiki, nikaweka jiwe juu ya kiti, nikaanza kutembea. Kiti kikaanguka, jiwe likabingirika hadi kwenye ua. Nilikitukana kile kiti kwa lugha zote ninazozijua.

Kiti chenyewe hakikuwa changu. Kilikuwa cha bluu, kimeandikwa kwa rangi nyeupe alama ya parokia, na kilisahauliwa kwangu siku viti vya kilio vilipochukuliwa. Hakuna aliyekuja kukiulizia. Nami sikukirudisha, maana kilikuwa kitu pekee kilichobaki cha zile siku ambazo nyumba yangu ilijaa watu.

Nieleze nyumba ilivyo. Iko Ibanda, lakini si zile za peninsula, ule ulimi wa ardhi ndani ya ziwa, zenye ukuta na walinzi. Ni ya mlimani, kama nyumba nyingi za mji huu ambao kila kitu chake kinaegemea kitu kingine. Lango liko juu, barabarani. Unashuka ngazi za mawe, unafika nyumbani, na chini ya nyumba ndipo palipo majani, yakitazama ziwa. Mwaka tulioingia humo, mke wangu aliniomba kitu kimoja tu: mahali ambapo mtu anaweza kuweka kiti bila kukiwekea jiwe chini ya mguu. Tukachimba, tukajenga ukuta mfupi wa mawe, tukapata tambarare ndogo. Paspalumu, majani mafupi ya kutandaa chini, aliileta kutoka Katana, alikozaliwa, vipande vya mizizi vimefungwa ndani ya kitenge chenye maji, amevipakata njiani mwote. Abiria mwenzake alimuuliza ni mboga gani ile. Akajibu ni mboga ya macho.

Kwetu kilio kinakaa nje. Mtu akifa, bache, lile turubai, inafungwa juu ya kiwanja, viti vinapangwa, na moto wa kuni unawashwa ili wanaume wanaolala pale wapate kuota. Moto haupendi mteremko, kuni zinabingirika. Kwa hiyo mke wangu alipofariki, baada ya ugonjwa mfupi ambao hata madaktari waliuonea aibu, moto uliwashwa mahali pa tambarare pekee tulipokuwa napo, katikati ya majani yake. Sikukataa. Ningekataaje? Uliwaka mpaka baada ya maziko, kila wakati kuna mkono unaosukuma gogo, kila wakati kuna sauti inayosimulia jambo la zamani na wengine wanacheka taratibu. Nitasema ukweli: zile hazikuwa siku mbaya kuliko zote. Mbaya zaidi ilikuwa ile asubuhi bache ilipofunguliwa, nikaona mbingu, na chini yake duara jeusi, pana kuliko meza ya kulia.

Mtoto wetu hakuwepo. Ni binti, ni mmoja tu, na anaishi Ubelgiji. Wakati ule karatasi zake za kukaa huko zilikuwa zinatengenezwa upya. Angetoka, asingeruhusiwa kurudi. Maziko aliyaangalia kwenye simu iliyoshikwa na mwanakwaya mmoja, na jeneza lilipoanza kushuka, mtandao ukakatika. Alinipigia kila Jumapili baada ya hapo. Tulizungumza habari za baridi ya kwao na mvua ya kwetu. Mama yake tulimzunguka, kama unavyozunguka dimbwi barabarani.

Karibu na Pasaka aliniambia karatasi zimetoka. “Papa, nitakuya mu mwezi ya saba,” alisema. Nilifurahi hadi nikakata simu bila kuaga. Kisha nikatoka barzani, nikatazama majani, na furaha ikaniisha.

Mwezi wa saba ni kiangazi. Anayeijua Bukavu ya mvua tu hawezi kuamini, lakini kufikia mwezi ule milima inageuka rangi ya gunia na vumbi linakaa juu ya majani ya mgomba. Wenzetu wa Ulaya wanapata likizo wakati huo huo, kwa hiyo watoto wetu wanaorudi hawaikuti kamwe miji yetu ikiwa imevaa nguo zake nzuri. Na duara langu lilikuwa bado jeusi. Mvua ilikuwa imeinua paspalumu pande zote, ikanenepa, lakini mle ndani udongo ulikuwa umeiva kama tofali, na pembeni tu ndipo vidole vichache vya kijani vilikuwa vimeanza kuingia. Mvua ingekata, navyo vingekufa.

Hofu yangu ilikuwa hii. Nimeona watoto wa watu. Mzazi mmoja akifa, wanakuja mara moja. Wanalia, wanaingia kila chumba, wanagusa vitu, wanarudi walikotoka, na tangu hapo nyumba inakuwa jambo la kuzungumzwa kwenye simu: tuuze, tusiuze. Aliyebaki ndani yake anahesabiwa pamoja na milango. Nilijiambia kwamba binti yangu akifika akaliona lile duara, ataona kifo, atalia, atamaliza, hatarudi tena. Lakini akikuta nyumba kama alivyoiacha, na mahali pa kijani pa kuweka kiti, labda moyo wake utasema huku bado ni nyumbani. Nilitaka arudi tena, na baada ya hapo arudi tena. Majani yalikuwa chambo tu.

Mke wangu alikuwa akimwagilia kwa mpira, jioni, kila maji yalipopatikana. Mgongo wangu haukubali, na mpira unataka mtu awepo wakati bomba linapojisikia kutoa maji, nalo linajisikia linapotaka. Nikaamua kufanya kazi ninayoijua: kupima, kuchora, kisha kumwita fundi afuate mchoro.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye kiti kilichoanguka. Na kiti kilipoanguka kulikuwa na shahidi. Upande wa kulia, nyuma ya ua wa miti uliotobolewa na kuku, anaishi maman mmoja mjane, mkubwa wangu kidogo kwa umri, ambaye aliishi na mke wangu kama chungu na kifuniko.

“Papa,” aliniita kupitia ua, “leo unapimia nani parcelle?”

“Majani,” nilisema.

“Majani inatafuta titre?”

Kiwanja changu kilikuwa na hati yake tangu zamani, naye alijua. Aliingia kwa njia ya kuku, akaokota mwanzo wa utepe bila kuombwa, akaniuliza asimame wapi. Nikamwonyesha kona ya barza. Tukaanza. Ulimi wake ulikuwa mrefu kuliko dekameta. Alinisimulia magoti yake, na mwanawe aliyeko kwenye machimbo Kamituga ambaye hupiga simu akiwa mgonjwa tu, hivi kwamba yeye akikaa muda mrefu bila habari anamshukuru Mungu. Nilisoma namba vibaya, nikaanza upya, nikasoma vibaya tena.

“Maman, shika, usitembee nayo.”

“Miye niko nashika. Weye njo unasoma vibaya.”

Ilikuwa kweli. Nilikaa kwenye kiti cha parokia mpaka namba zilipoacha kuchanganyika, naye akasubiri, utepe bado mkononi, akitazama ziwa kana kwamba amelipwa kufanya hivyo.

Tulipomaliza aliuliza maji yatatoka wapi. Nikamweleza kwamba mlima, ambao sisi huulaumu kwa kila kitu, safari hii ungetusaidia: tangi lingekaa juu, karibu na lango, lijae bomba linapotoa, na maji yangeshuka yenyewe hadi kwenye majani bila mashine ya kusukuma. Alisikiliza hadi mwisho.

“Sasa mayi ya batu njo utapatia majani?”

Nilikasirika, kwa sababu lilikuwa swali ambalo mke wangu angeliuliza kabla yake. Enzi zake robine, bomba la langoni, ilikuwa ya jirani yeyote mwenye bidoni, dumu la kuchotea maji. Usiku ule niliifuta plani na kuichora upya. Tangi lilikuwa na matundu mawili ya kutolea maji. La langoni nililiweka chini kabisa, la majani nikalipandisha hadi katikati. Maji yakishuka nusu, majani yanakatiwa, bidoni zinaendelea. Kesho yake nilimweleza mpango huo kwa majivuno. Akasema, “Sawa,” akarudi kwa kuku wake.

Plani ilikuwa nzuri, hilo sitaona aibu kulisema. Nilichora barza, ukuta wa mawe, mparachichi, ngazi, mstari wa bomba kubwa na matawi yake. Nilichora pia lile duara, kwa sababu mpima viwanja hachori anachokipenda tu, anachora kilichopo. Kila kitu kwenye plani kinaandikwa jina lake. Niliandika mparachichi, niliandika ukuta. Ndani ya duara nilishindwa kuandika neno lolote, nikaliacha tupu.

Fundi wa mabomba aliyekuja alikuwa mtu wa maneno mengi na vifaa vichache, mwenye kofia iliyoandikwa jina la timu ya mpira ya mbali. Aliitazama plani kwa heshima, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.

“Papa, hii rond ni nini? Fosse septique, shimo ya choo?”

“Hapana.”

“Puits, kisima?”

“Ni mahali moto ya kilio ilikuwa.”

Alivua kofia, akaivaa tena. “Pole, Papa,” alisema. Kisha kazi ikamrudia. “Tena iko mahali muzuri. Arroseur moja tunaiweka pale pale katikati, inafika pande zote.”

Hata hivyo haikukaa katikati. Alipochimba alikuta mwamba, akakisogeza kinyunyizio hatua chache kuelekea ukutani, akaapa kwamba hakuna jicho litakalojua. Pale penye duara tulivunja ule udongo mgumu kwa jembe, nikachanganya na samadi ya kuku wa maman, nikang'oa vipande vya paspalumu pembeni kwenye ua na kuvipanda kimoja kimoja, nikipiga magoti kama mtu anayefanya toba. Langoni, penye bomba, fundi alifunga saa ndogo ya betri inayofungua maji jioni na kuyafunga yenyewe. Alinionyesha vitufe vyake mara nyingi. Nilishika kichwani kimoja tu.

Kiangazi kikaingia. Mlima wa upande wa pili ukawa gunia, barabara ikawa unga, na chini ya nyumba yangu palikuwa kijani. Watu waliopita kwenda chini walisimama kutazama. Duara lilizibika polepole, kwanza kama nywele za mtoto mchanga, kisha kabisa, mpaka siku moja nilitembea pale nikitafuta mpaka wake kwa mguu, nikaukosa. Nilipaswa kufurahi. Kila jioni nilikaa kwenye kiti cha bluu, na saa ikifika vile vinyunyizio vilianza kutema na kuzunguka, sauti ndogo ya mtu anayenyamazisha watoto kanisani, na mimi sikuwa na la kufanya. Ile ilikuwa saa ya mke wangu, saa ya mpira na ndala na kelele zake za kuniita nisogeze kiti. Nilikuwa nimeipa mashine. Nilitazama maji yakifanya kazi peke yao hadi yakajifunga, nikaingia ndani kuwasha redio. Niliona upweke ule kuliko hata wakati duara lilipokuwa jeusi.

Binti yangu alipitia Kigali, akavuka mpaka wa Ruzizi kwa miguu, akivuta sanduku lenye gurudumu lililovunjika. Nilikuwa upande wa huku tangu asubuhi, nimevaa koti. Alikuwa amekata nywele. Aliniweka kichwa begani, hata wenye pikipiki wakaacha kutuita kwa muda. Njiani alinishika mkono na kutazama nje.

Nyumbani alipita sebuleni bila kusimama, akapita jikoni, akatoka barzani. Nilimfuata na sanduku. Nilikuwa nimeliandaa neno langu. Nilitaka aseme yeye kwanza, kisha mimi nijibu kwa unyenyekevu kwamba ni mradi mdogo tu. Alisimama akashika ukingo wa barza. Ziwa lilikuwa na ukungu wa vumbi, na majani yalimetameta.

“Papa,” alisema, “moto iliwaka wapi?”

“Ona kwanza majani.”

“Nimeyaona. Moto iliwaka wapi?”

Nikamwambia moto ulizimwa zamani, kwamba palikuwa pabaya nami nimepatengeneza, hakionekani kitu tena. Nilisema kama mtu anayetoa zawadi. Hakugeuka kunitazama. Alianza kusema taratibu, akitazama chini.

“Siku ile telefone ilikatika, nilikuwa mu cuisine. Sikujua nifanye nini. Nikatafuta mushumaa, nikaiweka mu sahani chini, nikakaa karibu yake juu nilijua huku munakaa karibu ya moto. Kumbe kule ku plafond kuko ile kitu inasikiaka moshi. Ikaanza kulia. Jirani akagonga mulango. Nikazima mushumaa, Papa. Asubuhi nikaenda ku kazi. Njo kilio yangu yote.”

Nilikaa chini kwenye ngazi ya barza. Miezi yote ile nilikuwa nikificha kitu ambacho mtoto wangu alivuka dunia kuja kukitafuta. Nilikuwa nimekifunika vizuri mno, kwa vipimo, kwa samadi, kwa maji ya kila jioni. Kwetu mtu aliyekosa kilio bado anadaiwa machozi yake, na mahali pa kuyalipia ni pale pale moto ulipowaka. Hilo nililijua. Mtoto mdogo analijua. Niliogopa kubaki peke yangu hadi nikalisahau.

Niliingia ndani kuchukua plani na dekameta. Nilimpa mwanzo wa utepe, nikamwonyesha kona ya barza. “Shika hapa,” nilisema. Alishika kwa mikono miwili, kama anayeogopa kuuvuta. Mama yake alishika kwa mmoja. Nilitembea hadi namba ya kwanza ya plani, nikachora nusu duara kwa kisigino. Tukahamia kwenye nguzo ya ukuta, akashika tena, nikatembea tena. Palipokutana alama mbili nilisimama.

“Ni hapa?”

“Ni hapa. Ni katikati yake.”

Alikuja akasimama juu ya yale majani laini, akavua viatu.

Tulileta kuni za mkalitusi kutoka stoo, na makaa kutoka kwenye jiko. Majani yalikuwa na maji, udongo una maji, moto ulikataa, ukatoa moshi mweupe mzito uliotutoa machozi ya bure kabla ya yale ya kweli. Nililala kifudifudi nikapuliza. Hatimaye ukashika. Paspalumu ikaanza kujikunja na kulia ukingoni mwa moto, kazi yangu yote ya kiangazi, nami sikuionea huruma. Yeye alikaa kwenye kiti cha parokia, mimi nikaleta kingine kutoka barzani. Tuliketi tukitazama, wote wawili bila kujua kilio cha watu wawili kinaanzaje.

Ndipo saa ikafika. Nilikuwa nimesahau kabisa. Vinyunyizio vikakohoa, vikatema, na maji yakatupiga usoni, kwenye koti langu, kwenye zile nywele fupi, katikati ya moto uliopiga kelele kama paka aliyekanyagwa. Binti yangu aliruka juu. Alinitazama mimi mzee nimelowa, plani inayeyuka mkononi, akaanza kucheka. Alicheka ameinama, ameshika magoti, na kile kicheko kikabadilika kikiwa njiani. Sikukijua kilipogeuka. Alikuwa amepiga magoti ndani ya maji, akimwita mama yake kwa jina alilomwita alipokuwa mdogo.

Nilipanda ngazi hadi langoni kufunga bomba. Si umri wangu kukimbia, lakini nilikimbia. Kile kitufe kimoja nilichokijua sikukiona kwa sababu ya machozi, nikafunga koki yenyewe kwa mikono miwili. Juu pale niliusikia mlio wa binti yangu wazi, na nitasema jambo la ajabu: ulinituliza. Kwa mara ya kwanza tangu bache ifunguliwe, mwingine alikuwa analia kwenye nyumba ile.

Niliposhuka, maman jirani alikuwa ameshapita kwenye ua. Aliona moshi, aliona viti nje, na huku kwetu hilo lina maana moja. Kitenge amekifunga kiunoni vibaya, uso umekauka kwa hofu.

“Ni nani tena?” aliuliza.

“Ni mama,” binti yangu alisema.

Maman alimtazama, akatazama moto, akanitazama mimi. “Eh,” alisema. “Kumbe njo umefika.” Akaketi chini kwenye majani yenye maji, akamvuta mtoto kwenye mapaja yake, akaanza kulia kwa sauti, kama mtu aliyekufa amekufa leo. Nilisukuma magogo. Wengine waliopita barabarani waliona moshi wakashuka. Nao wakapata mahali pa kukaa. Mmoja alianza kusimulia namna mke wangu alivyowahi kugombana na muuza samaki kwa ajili ya samaki mmoja aliyemtazama vibaya, na watu wakacheka taratibu. Moto uliwaka hadi giza lilipokuwa limeshika ziwa lote.

Binti yangu alikaa hadi likizo yake ilipokwisha. Tulikula, tulikwenda makaburini, tulibishana juu ya dawa zangu za presha. Hakuuliza habari ya kuuza wala kutouza. Mwanzoni mwa mwezi wa nane nilimsindikiza mpakani na sanduku lile lile, gurudumu nimelitengeneza kwa waya. Hakusema atarudi lini, nami sikuthubutu kuuliza. Nilirudi nyumbani, nikakuta duara jeusi katikati ya kijani, bichi kuliko lile la kwanza.

Koki sikuifungua tena. Sikuwa na sababu. Kiangazi kikayapata majani yangu kama yalivyopatwa mengine, yakawa gunia, na maman akasema angalau sasa bidoni zinajaa haraka. Jioni nilikaa kwenye kiti cha bluu karibu na lile jivu, nikawasha redio nje badala ya ndani.

Jumapili moja simu ililia nikiwa pale pale. Tulizungumza habari za baridi yao inayokuja na vumbi letu. Kisha akauliza, “Papa, ile nafasi iko namna gani?”

Niligeuza simu nikamwonyesha.

“Bado iko nyeusi,” alisema.

“Bado.”

“Papa, majani ikirudia kufunika yote, uniambie. Nitakuya tuwashe tena.”

Nilimwambia sawa. Tukaagana. Kesho yake asubuhi nilimwita maman apite kwenye ua na jembe lake. Nilipiga magoti pembeni, nikang'oa vipande vya paspalumu vilivyobaki na uhai, nikaanza kuvipanda ndani ya duara, kimoja kimoja. Jioni ilipofika nilipanda hadi langoni, nikafungua maji.